Mguu hauumi tena, mazoezi ya nini sasa?

Kwenye Wasapu yangu kuna meseji za aina mbili, na ukizipanga kwa tarehe utadhani ni mtu mmoja ndo anaziandika zote. Ya kwanza inakuja wiki ya tano au ya sita toka mgonjwa aanze tiba: "Dokta niko freshi kabisa, mguu hauumi tena, Mungu akubariki sana." Afu kimya. Ukimpigia kumkumbusha siku yake anakwambia nitakuja, nitakuja, na wote wawili mnajua haji. Ya pili inakuja miezi minne mitano baadae, na sijui kwanini mara nyingi inakuja usiku: "Samahani dokta kwa usumbufu, ile kitu imerudi."

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, hapa Dar es Salaam, wagonjwa wananiita dokta na nimeshachoka kukataa. Na kabla sijamsema mtu niseme yangu kwanza, maana mganga hajigangi: siatika, yale maumivu yanayotoka kiunoni au takoni yakashuka mguuni, imenipiga mimi mwenyewe. Nilijitia kubeba friji na vijana wawili wakati nahama nyumba, kwenye ngazi za kupanda ghorofa ya pili, na baada ya siku mbili tako la kushoto likaanza kuwaka mpaka kwenye kisigino. Wiki ya sita nikawa sisikii kitu, nikaacha mazoezi. Mimi, ninaeyafundisha. Mwezi wa tano nikainama bafuni kuokota sabuni, sabuni tu jamani, nikabaki nimeshika ukuta nampigia kelele mke wangu.

Kwahiyo ninachotaka kueleza hapa ni kile kipindi ambacho watu hawakiongelei, cha kuanzia siku maumivu yanapoisha. Kile cha kwanza, cha kulia na kulala chini na kutafuta sindano, kila mtu anakijua.

Tuanze na chenyewe. Siatika sio jina la ugonjwa, ni jina la dalili, kama vile homa sio jina la malaria. Kuna neva moja kubwa kuliko zote mwilini, nene karibu kama kidole, inaungwa na mizizi inayotoka kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno na zile za juu za mfupa wa nyuma ya nyonga, inapita chini ya misuli ya tako, inashuka nyuma ya paja, karibu na goti inagawanyika mara mbili na kuendelea mpaka unyayoni. Mzizi wake mmoja ukiguswa kule kiunoni, ubongo unasikia kelele kwenye njia yote, ndo maana mtu anashika kigimbi na kusema hapa ndo panapouma wakati tatizo liko mgongoni. Mtaani tunasema "mshipa", na wachuaji wengi wanaukanda huo mshipa kwenye paja mpaka mtu analia, wakati kwenye paja hakuna kosa lolote.

Mara nyingi kinachoigusa ni diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Mto huu una utepe mgumu kwa nje na kitu kama ute mzito ndani, na utepe ukichanika ule ute unatoka. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndo walioliweka hili wazi mwaka 1934, na toka hapo watu wote tumeshika picha moja kichwani, ya kwamba diski imebana neva basi, ikiachia umepona. Picha hiyo ni nusu ya ukweli. Jiulize, ukikalia mguu vibaya kwenye mkeka unapata nini? Ganzi. Unapata sisimizi. Hupati moto wa kukufanya usilale siku tatu. Neva yenye afya ukiibana inakufa ganzi, ila neva iliyovimba, iliyomwagiwa kemikali za ule ute wa diski, hiyo ndo ukiigusa kidogo tu inapiga kelele. Maumivu makali ya siatika kwa sehemu kubwa ni habari ya uvimbe, na uvimbe una tabia ya kutulia wenyewe ndani ya wiki kadhaa, dawa zikisaidia au zisisaidie.

Hapo sasa ndo mtego ulipo. Ni kama msibani. Wapo watu wanakuja na kelele nyingi na wakishazika tu wanapanda magari wanaondoka, wapo wanaolala mpaka siku ya tatu, na wapo wafiwa wenyewe ambao wanabaki na nyumba na madeni na watoto. Ukipita barabarani siku ya pili ukaona magari hayapo unaweza ukasema msiba umeisha. Maumivu ni wale wa magari. Walioachwa ndani ni watatu, diski, neva na misuli, na kila mmoja ana muda wake.

Diski kwanza, maana ndo inayotisha watu bure. Ile sehemu iliyotoka, mwili unaijua kwamba haiko mahali pake, unaituma timu ya usafi, chembe za kinga zinaila kidogo kidogo kwa miezi. Kinachoshangaza ni kwamba vile vipande vikubwa, vile vilivyokatika kabisa, ndo vinavyoliwa vizuri zaidi kuliko diski iliyovimba kidogo tu, kwahiyo yule aliyeambiwa "yako ni kubwa sana" asikate tamaa. Lakini kuliwa kwa kile kipande sio kupona kwa ule utepe uliochanika. Utepe haupati damu ya kutosha, unaunga polepole mno, kwa kovu. Wiki ya sita, wakati wewe unaandika meseji ya Mungu akubariki, uvimbe umetulia lakini ukuta bado mbichi.

Neva inafuata, na hapa naomba utulie kidogo maana ndo sehemu ninayopenda mwenyewe. Nyuzi za neva zilizobanwa bila kufa zinaamka ndani ya wiki chache, na kwa watu wengi hizo ndo nyingi. Zile zilizokufa lazima ziote upya, na kuota kwake ni kama milimita moja kwa siku. Kutoka kiunoni hadi kwenye msuli wa kigimbi kwa mtu mzima ni kama sentimita 70, piga mwenyewe hesabu, milimita 700 siku 700, karibu miaka miwili. Bahati nzuri mwili hausubiri hivo. Nyuzi za jirani zilizobaki hai zinatoa matawi na kuzichukua zile nyuzi za msuli zilizoachwa bila mtu, zinalea mayatima kabisa, na kila mlezi sasa ana watoto wengi kuliko mwanzo. Mguu unarudi na nguvu, ila walezi ni wachache na wanachoka haraka. Ndo maana mtu anakwambia asubuhi niko vizuri ila nikitembea kutoka Kariakoo mpaka Posta mguu unaanza kuburuza. Hadanganyi wala hajipi ugonjwa.

Misuli sasa, mfiwa aliyesahaulika. Chini kabisa ya mgongo, ubavuni mwa pingili, kuna msuli mfupi mnene unaoitwa maltifidasi, kazi yake kushika pingili zisicheze hovyo. Mgongo ukiuma upande mmoja, ule msuli wa upande huo unasinyaa, na unasinyaa haraka, ndani ya siku sio miezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, wakiongozwa na Julie Hides, waliwachukua watu 39 waliougua mgongo kwa mara ya kwanza wakawa wanapima huo msuli kwa altrasaundi, wakatoa matokeo mwaka 1996. Karibu wote maumivu yaliisha ndani ya wiki nne. Wote walirudi kwenye shughuli zao. Lakini kwa wale ambao hawakupewa mazoezi maalumu, wiki ya kumi msuli ulikuwa bado umesinyaa. Maumivu yameshasahaulika na msuli haujarudi, hauna habari, unasubiri aje mtu auamshe. Wakawafuatilia tena, na baada ya mwaka mmoja, kwa waliofanya mazoezi mgongo uliwarudia asilimia 30, kwa wasiofanya asilimia 84. Ni watu wachache na walikuwa wa mgongo, sio wa siatika peke yake, kwahiyo usiibebe hiyo namba kama Msahafu. Ila toka niisome sijawahi tena kumwambia mgonjwa "ukijisikia vizuri basi".

Na niseme ukweli, kosa kubwa ni letu sisi wenye fani. Mtu anakuja siku ya kwanza tunamlaza, tunamwekea joto, tunamfungia kile kimashine cha umeme kinachotekenya, tunamchua, anaondoka kapata nafuu. Akija tena ni hivo hivo. Kwa wiki sita tumemfundisha kwamba fiziotherapia ni kitanda cha kutolea maumivu, sasa maumivu yakiisha aje kufanya nini, na kila akija analipa hela na anapoteza nusu siku kwenye foleni ya Mbagala? Mimi ningekuwa yeye nisingekuja. Kile kitanda ni mlango tu, kazi yenyewe iko ndani na inafanyika umesimama, umebeba kitu, na sehemu kubwa unaifanyia nyumbani kwako bila kumlipa mtu.

Kabla ya kazi lazima ujue umebaki na deni kiasi gani, maana ukipima kwa maumivu utapata sifuri kila siku. Vua viatu. Simama karibu na ukuta, weka vidole viwili vya mkono ukutani visikusaidie zaidi ya kukuzuia usianguke, simama kwa mguu mmoja goti limenyooka, panda juu ya vidole vya mguu mpaka mwisho, shuka, panda. Hesabu. Anza na mguu mzima halafu uje kwa mgonjwa. Mtu mzima mwenye afya wa kawaida anafika 20 na kitu. Nimeona watu wanaoapa wamepona wanafika 22 upande mmoja na 6 upande wa pili, wanashangaa wenyewe, wanarudia wakidhani wamekosea kuhesabu. Kigimbi hicho kinapata amri kutoka kwenye mzizi wa chini, ule wa kwanza wa mfupa wa nyuma ya nyonga. Sasa tembea kwa visigino hatua kumi na tano, vidole juu, angalia kama upande mmoja unadondoka, na mwambie mtu akubonyeze kidole gumba cha mguu wakati wewe unakinyanyua, kulia na kushoto. Huo ni mzizi wa juu yake. Mwisho kaa kwenye kiti cha kawaida unyanyuke kwa mguu mmoja. Andika namba na tarehe, mimi nawaambia waandike ukutani kwa penseli nyuma ya mlango wa chumbani, karatasi zinapotea.

Kuna kitu hapa sitaki ukipite haraka. Maumivu yakikata ghafla halafu mguu ukawa mzito kuliko jana, unyayo unaburuza, kandambili inavuka bila wewe kujua, hiyo sio kupona, neva inaweza kuwa imenyamaza kwa sababu inakufa. Na ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni pale unapokalia baiskeli, au mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila taarifa, au miguu yote miwili ikalegea, usisubiri kesho, usichuliwe, usinywe dawa ya mtu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwenye sehemu wanayoweza kupiga MRI, ile picha ya sumaku ya ndani ya mwili, na kufanya upasuaji, kwasababu hapo masaa yanahesabika.

Haya, kazi. Nikikupa orodha ya mazoezi kumi utayafanya siku tatu, kwahiyo nitaeleza nini kinafanya nini.

Neva inataka kuteleza. Ilivyokuwa imevimba inaweza ikashikana kidogo na vitu vilivyo jirani, na watu wengi kosa lao ni kuivuta, wanakaa chini wanashika vidole vya miguu wanajikaza mpaka machozi wakidhani wananyoosha msuli. Neva haipendi kuvutwa, inapenda kutembezwa. Kaa kwenye kiti, mgongo wima, nyoosha goti taratibu huku ukiangalia juu darini, halafu ukikunja goti inamisha kichwa. Upande mmoja unavuta huku wa pili unaachia, neva inakwenda na kurudi bila kukazwa. Mara kumi, mara mbili kwa siku, na ikianza kuwaka umezidisha. Basi.

Ule msuli mdogo wa pingili hautaki kilo, unataka kushika kwa muda mfupi na kurudia. Piga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu mpaka nane au kumi, rudisha, badili. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo kiunoni kama unataka kujua unayumba kiasi gani, watoto wangu wanapenda sana hii na wananishinda. Halafu planki ya ubavu, unalala ubavu unajinyanyua kwa kiwiko kiuno kikae hewani, magoti yamekunjwa kwanza, baadae yamenyooka. Haya ni mawili kati ya matatu anayoyasisitiza Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo Kanada, aliyetumia miaka mingi maabara kupima migongo, na yeye anapendelea sekunde kumi kumi zinazorudiwa kuliko planki ya dakika tano za kuposti. Mimi pia.

Ila hapo wengi ndo wanapoishia, na mimi nadhani hapo ndo kazi inaanza. Maana maisha ya Mtanzania sio kupiga planki. Maisha ni ndoo. Ni dumu la lita 20, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo mama aliyeambiwa hospitali "usibebe vitu vizito" akifika nyumbani anakuta kilo 20 zinamsubiri bombani, na hakuna wa kumbebea. Kumwambia asibebe ni kumwambia asiishi. Afadhali tumfundishe kubeba, na dumu ni chuma kizuri kuliko vya jim kwasababu unaweza kuongeza glasi moja moja.

Kwanza ujue kuinama. Chukua mpini wa ufagio, uweke mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega, na mwisho wa uti wa mgongo pale juu ya tako, sehemu tatu. Sasa inama ukisukuma makalio nyuma kama unafunga mlango wa gari kwa tako wakati mikono imejaa mizigo. Mpini ukiachana na sehemu yoyote umeinamia mgongo badala ya nyonga. Ukishajua hiyo, dumu la lita 5 juu ya matofali mawili, linyanyue na uliweke, mara nane, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Wiki mbili hivi ukiona hakuna neno toa tofali moja. Halafu chini kabisa. Halafu lita 10 unarudi juu ya matofali. Unaona linavyokwenda, unaongeza kilo au unashusha kimo, kamwe sio vyote siku moja. Ukifika 10 anza kutembea nalo limening'inia mkono mmoja, hatua 30, badili mkono, mwili usiegemee, hapo ubavu na kiuno vinafanya kazi ambayo hakuna kitanda cha kliniki kinaweza kukupa. Kufika lita 20 chini mpaka juu bila wasiwasi inawachukua watu wengi miezi mitatu au zaidi toka maumivu yaishe, na usione aibu ikichukua sita.

Kigimbi nacho kinalipwa pale pale kwenye kipimo, panda vidole, kila siku mbili, mpaka namba zikaribiane.

Na kutembea. Hili linaonekana jepesi mno mpaka watu wanadhani nawatania. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walichapisha matokeo ya watu 701 ambao walikuwa wametoka kupona mgongo, sikiliza vizuri, wametoka kupona, sio wagonjwa. Wengine wakapewa mpango wa kutembea unaoongezeka taratibu kwa miezi sita mpaka kufika nusu saa mara tano kwa wiki, pamoja na maelezo ya fizio, wengine hawakupewa kitu. Nusu ya watembeaji walikaa siku 208 au zaidi kabla mgongo haujarudi, kwa wale wengine ilikuwa siku 112. Tena na hapa ni mgongo wa kawaida sio siatika yenyewe, lakini kama kuna dawa ya bure inayokaribia kuongeza muda wa amani mara mbili mimi siwezi kuikataa. Anza dakika kumi, sehemu tambarare, viatu vyovyote visivyokuvuka.

Saa za kufanya nazo zina maana. Usiku ukilala diski zinanyonya maji zinavimba, ndo maana asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja na kitu, na ndo maana kuinama sana lisaa la kwanza toka uamke ni hatari kuliko kuinama saa nne. Sasa fikiria desturi zetu. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, kitu cha kwanza anashika fagio la chelewa, fupi lile, anafagia uwanja mzima amejikunja kama herufi C, halafu anafua. Simlaumu mtu, uwanja lazima ufagiliwe. Ila funga mpini kwenye lile fagio, au anza na chai na vyombo vya mezani, fagia baadae. Mzee mmoja aliniuliza kuhusu sala ya alfajiri, kwamba rukuu na sijda itakuwaje. Tukakubaliana wakati wa maumivu asali kwenye kiti kama dini inavyomruhusu mgonjwa, na alipopona tukarudisha sijda taratibu, ashuke kwa mkono na goti moja moja, atembee kidogo ndani kabla ya kuanza. Mbuzi ya kukunia nazi ndo adui mwingine, unakikalia kile kigoda magoti kifuani robo saa nzima, mimi nasema nazi ya kukunwa kwa mashine sokoni sio dhambi.

Dereva wa bodaboda ana kesi yake. Kukaa, mtikisiko, matuta, na abiria nyuma anayemvuta. Hawezi kuacha kazi. Ninachomwambia ni kwamba kila akishusha abiria ashuke na yeye, asimame, ajinyooshe nyuma mara tano mikono kiunoni, ndo apokee simu nyingine. Dakika moja. Wanaofanya hivo wanacheka mwanzoni kwamba kijiweni wanaonekana vichaa.

Sasa utajuaje umezidisha? Maana mazoezi yataleta maumivu, lazima, msuli uliolala miezi miwili ukiamshwa unalalamika. Mimi nina sheria moja ya mtaani: yakipanda ni heri, yakishuka ni shari. Maumivu yanayohama kutoka kwenye kigimbi kuja kwenye paja, kuja kwenye tako, mpaka yanabaki kiunoni, hata kama kiunoni yameongezeka kidogo, yanakwenda vizuri. Maumivu yaliyokuwa kiunoni yakaanza kuchungulia tako, kesho paja, hata kama ni madogo ya kusahaulika, rudi hatua moja nyuma, punguza dumu, usiache kabisa. Na kama uchovu wa zoezi la leo haujaisha kesho saa hizi hizi, lilikuwa kubwa. Kuna wakati itarudi kwa nguvu siku mbili tatu bila sababu unayoijua, usikimbilie kusema diski imechomoka tena na usijilaze. Kulala kitandani hakusaidii, Waholanzi walilijaribu hilo wakachapisha mwaka 1999, wagonjwa 183 wa siatika, nusu wamelazwa kitandani wiki mbili nusu wanaendelea na maisha kwa uangalifu, na baada ya wiki 12 waliopata nafuu ni asilimia 87 kwa 87.

Woga ndo unaochelewesha watu kuliko diski. Mtu anatembea na ripoti ya MRI kwenye bahasha miaka miwili, anaisoma kama hati ya mashtaka, "diski zimechakaa", "pingili zimesagika", anavaa mkanda mchana na usiku, haokoti hata ufunguo. Mwaka 1994 huko Marekani waliwapiga MRI watu 98 ambao hawana maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu walikutwa diski imevimba angalau sehemu moja. Wanatembea tu, hawajui. Ile picha ni ya siku moja na haitoi jibu la mguu wako una nguvu kiasi gani, ukuta wako wa penseli ndo unatoa. Mkanda uwe wa wiki mbili za mwanzo au safari ndefu ya basi, zaidi ya hapo unazoea kushikwa.

Jambo la mwisho kwa wale wa umri mkubwa, kama mguu wako unauma ukitembea na unapona ukiinama kwenye toroli au ukikaa, huenda kwako sio diski bali njia ya neva imekuwa nyembamba, na mazoezi ya kujinyoosha nyuma yatakukera. Kutembea kwa vipande na baiskeli vitakufaa zaidi, onana na mtu akupime kwanza kabla hujanakili yangu. Na waliofanyiwa upasuaji wafuate ratiba ya daktari wao, ingawa kigimbi kinahesabiwa vile vile.

Mimi toka ile sabuni ni mwezi wa tisa. Nyuma ya mlango wangu wa chumbani safu ya kwanza imeandikwa kulia 25, kushoto 9. Juzi Jumapili kushoto nimefika 21 na mke wangu anadai mbili za mwisho kisigino hakikupanda vizuri, kwahiyo tumeandika 19.